MINYOO YA MBWA NA AFYA YA WATU KATIKA NCHI YA MTO TANA

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Huanzia katika milima ya Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, na baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika sehemu yake ya chini, kutoka Hola kushuka hata Garsen, Ngao na Golbanti, mto huu ndio shamba la watu, ndio kisima chao, na tena ndio njia yao. Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando yake. Waorma huleta ng'ombe wao kunywa maji na kula majani mabichi wakati wa kiangazi. Na katika vijiji vingi vya nchi hiyo, vya wakulima na vya wachungaji pia, yuko mbwa.

Mbwa huyo hafugwi kwa anasa. Mchana hufukuza nyani na tumbili shambani. Usiku hubweka asikiapo nyayo za nguruwe mwitu au sauti ya fisi. Mkulima ambaye mahindi yake yamekaribia kukomaa ajua thamani ya mbwa mwema, maana kundi la nguruwe laweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi mitatu. Lakini mlinzi huyo ana mzigo tumboni mwake asioujua yeye wala bwana wake, na mzigo huo huutua popote apitapo: uani, chini ya mwembe, njiani na ukingoni mwa mto. Mzigo huo ni minyoo. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na katika jambo hili walisema kweli tupu.

Watu wengi wajua kwamba mbwa huweza kuleta kichaa, na kwa ajili hiyo humwogopa mbwa akiuma. Ni wachache wajuao kwamba mbwa mpole asiyemwuma mtu hata siku moja aweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuona kwa jicho moja, au kumtia mtu mzima uvimbe ndani ya ini utakaomlaza hospitali miaka mingi baadaye. Habari hizi si za kumtia mtu hofu amwue mbwa wake. Ni habari za kumwezesha kumfuga kwa akili.

MCHANGO WA MBWA

Mnyoo wa kwanza ni mchango wa mbwa. Ni mweupe, wa mviringo, na mnyoo jike huweza kufika urefu wa sentimita 18. Huishi katika utumbo wa mbwa na kula chakula chake. Mnyoo jike mmoja huweza kutaga kadiri ya mayai 100,000 kwa siku moja, nayo hutoka pamoja na mavi. Mayai hayo ni madogo mno, hayaonekani ila kwa darubini.

Hapa pana jambo moja ambalo kila mwenye nyumba yampasa alielewe vizuri. Mayai yatokapo tu hayana madhara bado. Ni lazima yakae udongoni majuma mawili hata manne, ndipo kijinyoo kilichomo ndani ya kila yai kikomae na kuwa tayari kuambukiza. Baada ya hapo huweza kudumu udongoni kwa miaka kadha, kwa kuwa yai lina ganda gumu lenye kunata. Basi mavi mabichi yakizolewa leo na kuzikwa, hatari nayo imezikwa. Lakini yakiachwa, mvua ikayatawanya, jua likayakausha, kuku wakayaparura, hata pakaonekana kuwa ni pasafi, ndipo hatari inapoanza. Ua unaoonekana safi kwa macho waweza kuwa na mayai maelfu katika udongo wake.

Jambo la pili ni kwamba watoto wa mbwa huzaliwa nayo minyoo hiyo. Mbwa jike huwa na vijinyoo vilivyolala katika nyama ya mwili wake. Akishika mimba, vijinyoo huamka na kuwaingia watoto tumboni mwake, na vingine hupita katika maziwa wanyonyapo. Kwa hiyo mtoto wa mbwa mwenye umri wa majuma matatu tu, tumbo lake likiwa limevimba kama ngoma na mbavu zake zikihesabika, tayari hutoa mayai kwa wingi kupita mbwa mzima. Naye ndiye achezewaye na watoto wa nyumba. Humbeba, humlaza mapajani, kisha hula embe bila kunawa mikono.

SAFURA YA MBWA

Mnyoo wa pili ni safura ya mbwa. Mnyoo huu ni mfupi, hauzidi sentimita mbili, lakini una meno nao hujishikiza katika utumbo na kunyonya damu. Mbwa mwenye minyoo hiyo mingi hukonda, ufizi wake huwa mweupe, na mavi yake huwa meusi kwa sababu ya damu. Watoto wa mbwa huweza kufa kabla hawajatimiza miezi miwili, na mara nyingi mwenye mbwa hudhani kuwa wamekosa maziwa.

Mayai ya safura hayangoji mdomo wa mtu. Huanguliwa udongoni kwa siku moja au mbili, na baada ya juma moja hivi vijinyoo huwa tayari kupenya ngozi. Jambo hilo la kupenya ngozi lilijulikana kwa bahati mwaka 1898, wakati mtaalamu Mjerumani Arthur Looss alipokuwa akifanya kazi Misri. Alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijinyoo vya safura ya binadamu, akaona ngozi yake inawaka na kuwasha. Baada ya majuma kadha alipima choo chake, akakuta mayai ya safura. Tangu hapo ulimwengu ulijua kwamba mtu huweza kuingiwa na minyoo kwa nyayo zake.

Safura ya mbwa haipendi mwili wa binadamu kama safura ya watu. Kijinyoo chake kikipenya ngozi ya mguu, mara nyingi hupotea njia. Hakiwezi kushuka mpaka tumboni, bali hutambaa chini ya ngozi na kufanya mstari mwekundu uliopindapinda kama njia ya mchwa. Mstari huo husogea kidogo kila siku, nao huwasha sana, hasa usiku. Mtu hujikuna hata akatoka vidonda, na vidonda vikaoza. Wakulima waendao pekupeku katika udongo wenye unyevu, wanawake waketio chini ya mti kutwanga au kupepeta, na watoto wachezao mchangani, hao ndio hupatwa zaidi. Wako wanaoupaka mstari huo mafuta ya taa au kuuchoma kwa moto. Hiyo si dawa, ni kidonda juu ya kidonda. Zahanati inazo dawa za kumeza, kama vile albendazoli na ivermektini, ziwezazo kuua kijinyoo hicho kwa siku chache.

TEGU WA AINA MBILI

Minyoo mingine ya mbwa ni tegu. Tegu wa kwanza huletwa na viroboto. Vipande vyake hutoka katika mavi ya mbwa au huning'inia penye mkia wake, navyo hufanana na punje za mchele. Huonekana vikijikunjua na kutambaa vikiwa bado vibichi. Kiroboto akiwa mchanga hula mayai ya tegu huyo, na mbwa ajilambapo humeza kiroboto. Mtoto wa mtu naye, kwa kucheza na mbwa, aweza kumeza kiroboto mmoja bila kujua. Ugonjwa wake si mzito, lakini ni ishara ya kwamba mbwa na mtoto wamekaribiana mno.

Tegu wa pili ni mdogo kupita wote na ni mbaya kupita wote. Urefu wake ni milimita chache tu, na ndani ya tumbo la mbwa mmoja waweza kuwamo maelfu, na mbwa asionyeshe dalili yoyote ya ugonjwa. Mayai yake yakitoka na mavi huanguka majanini na majini. Ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia huyala, na ndani ya miili yao hufanya vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mnyama achinjwapo, mchinjaji huona malengelenge hayo makubwa, huyakata na kumtupia mbwa. Hapo mduara umetimia: mbwa amekula vifuko, na baada ya majuma sita au saba tegu wapya wamekomaa tumboni mwake nao huanza kutoa mayai.

Mtu naye akimeza mayai hayo, kwa mikono michafu au kwa maji au kwa mboga isiyooshwa, mwili wake hufanywa kama wa kondoo. Kifuko huanza kukua polepole, mara nyingi katika ini, pengine katika mapafu, na mara chache katika ubongo au mifupa. Hakiumi. Miaka mitano hupita, hata kumi, na mtu huendelea na kazi yake. Kisha tumbo huanza kuinuka upande wa kulia, pumzi hupungua, na watu huanza kusema kwamba amerogwa. Kifuko kikipasuka ndani kwa kuanguka au kupigwa, mgonjwa aweza kufa kwa ghafula. Matibabu yake ni upasuaji mkubwa, au kunyonya maji ya kifuko kwa sindano mikononi mwa mabingwa, pamoja na vidonge vya miezi mingi. Si matibabu ya zahanati ya kijijini, wala si matibabu ya gharama ndogo.

MADHARA KATIKA MWILI WA MTOTO

Kurudi kwenye mchango wa mbwa, mtoto amezapo mayai yaliyokomaa, vijinyoo huanguliwa tumboni, hutoboa utumbo na kusafiri na damu. Kwa kuwa mwili wa binadamu si makao yao, havikui kuwa minyoo mizima. Huzunguka tu, vikipita katika ini, mapafu, ubongo na macho, na kila vipitapo huacha jeraha. Mtoto huwa na homa za mara kwa mara, kikohozi chenye kukorota kama pumu, tumbo la kuuma na uchovu. Mama humpeleka zahanati, hupimwa malaria, naye hukutwa hana malaria.

Tena yafaa ijulikane kwamba kupima choo cha mtoto huyo hakusaidii, kwa kuwa vijinyoo visivyokomaa havitagi mayai. Ugonjwa huo hujulikana kwa kupima damu. Mzazi akimwambia mganga kwamba nyumbani wako watoto wa mbwa, au kwamba mtoto ana tabia ya kula udongo, huwa amempa ufunguo wa mlango uliofungwa.

Jicho ndilo linalotia huruma zaidi. Kijinyoo kimoja tu kikiingia nyuma ya jicho huweza kuliharibu. Huko Marekani mwaka 1950, mtaalamu Helenor Campbell Wilder alichunguza kwa darubini macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameondolewa, mengi yake kwa sababu madaktari walidhani kwamba yana uvimbe wa saratani. Katika macho 24 alikuta vijinyoo. Baadaye ilithibitishwa kwamba baadhi yake vilikuwa vya mchango wa mbwa. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake wa New Orleans walieleza habari za watoto walioumwa kwa muda mrefu na ini kuvimba, na vijinyoo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa chanzo. Ikiwa mambo hayo yalitokea katika nchi yenye hospitali nyingi na nyumba za sakafu ya saruji, hapana haja ya kuuliza yawezavyo kutokea mahali ambapo sakafu ni udongo na ua ni mchanga.

Wako wazazi wasemao kwamba minyoo huletwa na kula sukari au kula maembe mengi. Hayo si kweli. Embe halizai mnyoo. Mnyoo hutoka katika udongo ulioshika ganda la embe lililookotwa chini na kuliwa bila kuoshwa.

MAFURIKO NA UNYEVU

Nchi ya Tana ya chini ina mambo mawili yasaidiayo minyoo. La kwanza ni kivuli na unyevu. Mayai na vijinyoo huchukia jua kali na ukavu. Katika mchanga mkavu ulio wazi vijinyoo vya safura hufa upesi. Lakini chini ya migomba na miembe, ambako udongo hukaa baridi na maji, hustawi. La pili ni mafuriko. Mto hujaa wakati wa masika na wakati wa vuli, na miaka mingine huvunja mipaka yake kabisa. Wazee waikumbuka gharika ya mwaka 1961. Baada ya hapo yalikuja mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, kisha ya 2018, na ya mwisho wa 2023. Wakati huo watu na mifugo na mbwa hukimbilia pamoja katika vichuguu na miinuko michache iliyobaki mikavu. Vyoo hufurika, mavi ya mbwa huchanganyika na maji, na maji yapunguapo huacha tope lake mashambani, visimani na milangoni mwa nyumba.

Kwa hiyo asiyefuga mbwa asijione kuwa yu salama. Waislamu wengi wa nchi hiyo, kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafi, humhesabu mbwa kuwa najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Desturi hiyo ya kujitenga na mbwa na vyombo vyake imewakinga watu na mengi. Lakini mayai ya minyoo hayakai katika mate ya mbwa peke yake. Hutembea na maji, na nyayo, na kwato za mbuzi, na mizizi ya mchicha. Mbwa koko apitaye usiku huacha mzigo wake penye ua wa mcha Mungu kama auachavyo penye ua wa mwindaji.

Maji ya mto nayo yana jambo lake. Dawa ya klorini huua vijidudu vya kipindupindu, na ni dawa njema. Lakini mayai ya minyoo huistahimili kwa sababu ya ganda lake. Maji ya kunywa yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe.

MFANO WA TURKANA NA WA ICELAND

Hapa Kenya, watu walioumizwa zaidi na tegu mdogo wa mbwa ni Waturuki wa mbali? La, ni majirani wa kaskazini-magharibi, Waturkana. Nchi yao ilikuja kujulikana kuwa miongoni mwa nchi za ulimwengu zenye wagonjwa wengi kabisa wa vifuko vya maji. Mwaka 1963 wataalamu G. S. Nelson na R. L. Rausch waliandika habari za tegu huyo katika watu na wanyama wa Kenya. Sababu zilionekana: mbwa ni wengi, huingia nyumbani, hula matumbo ya mifugo iliyokufa au kuchinjwa, na katika ukame mama mwenye maji kidogo humwita mbwa amrambe mtoto mchafu ili amsafishe. Si ujinga wa mama. Ni uhaba wa maji. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana na ugonjwa huo huko. Mbwa walipewa dawa, wasiotakiwa walipunguzwa, wagonjwa walipimwa na kupasuliwa, na watu walifundishwa jinsi mduara unavyokwenda kati ya mbwa na kondoo. Kazi hiyo ilipunguza ugonjwa mahali ilipofanywa kwa bidii.

Mfano wa pili ni wa mbali, nao wafaa kufikiriwa na kila mtu ajuaye kusoma. Iceland ni kisiwa cha wafuga kondoo, na katika karne ya 19 watu wake walisumbuliwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1863 mtaalamu Harald Krabbe alitoka Denmark kwenda huko. Aliwapasua mbwa 100, na katika 28 alikuta tegu mdogo. Hakuwa na dawa ya kisasa wala chanjo. Aliandika kijitabu kidogo cha kueleza chanzo cha ugonjwa na jinsi ya kujikinga, na mwaka 1864 kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu wa Iceland walijua kusoma, na jioni za baridi walisomeana kwa sauti. Walianza kuyazika au kuyachoma matumbo yenye vifuko, na kuwazuia mbwa machinjioni. Sheria za kuwatibu mbwa zilifuata, lakini kijitabu kilitangulia. Ugonjwa ukapungua kizazi baada ya kizazi hata ukatoweka kwa watu waliozaliwa baadaye.

Funzo lake ni wazi. Mnyoo hauna nguvu yoyote ila ule mduara wake. Mahali popote mduara ukatwapo, mnyoo hufa kwa njaa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI NA KIJIJINI

La kwanza, mavi ya mbwa yazolewe kila siku kwa jembe au koleo, yazikwe katika shimo lililo mbali na kisima na ukingo wa mto. Kazi hii haina gharama. Ikifanywa kila siku, mayai ya mchango hayapati yale majuma mawili yanayoyahitaji.

La pili, matumbo, ini na mapafu yenye malengelenge asipewe mbwa kamwe. Yachomwe moto au yazikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Kama ni lazima mbwa ale matumbo, yachemshwe kwanza zaidi ya nusu saa. Wachinjaji wa sokoni na wazee wa arusi na matanga, ambako huchinjwa wanyama wengi kwa siku moja, wana dhamana kubwa kupita wengine. Shimo moja lililochimbwa kabla ya sherehe laweza kuwaokoa watu wasiohudhuria sherehe hiyo.

La tatu, mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kumgusa mbwa na baada ya kazi ya shamba, na kabla ya kula. Sabuni haiyaui mayai, bali huyaondoa mkononi pamoja na uchafu, na hiyo yatosha. Kucha za watoto zikatwe. Matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi mengi.

La nne, viatu. Hata kandambili au makubadhi ya mpira wa gari hupunguza sana hatari ya vijinyoo vya safura, vya mbwa na vya watu. Pahali pa kuchezea watoto pafagiliwe na matawi yapunguzwe ili jua lipenye. Anayeketi chini na atandike mkeka.

La tano, mbwa apewe dawa. Watoto wa mbwa waanze kupewa dawa ya michango watimizapo majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili hata waache kunyonya, na mama yao apewe pamoja nao. Mbwa mzima apewe angalau kila miezi mitatu. Dawa ya michango na safura siyo dawa ya tegu. Ya tegu ni prazikwanteli, na mwenye mbwa amwulize afisa wa mifugo kipimo cha kila moja kwa kadiri ya uzito wa mbwa. Mbwa akaaye karibu na machinjio ahitaji dawa ya tegu mara nyingi zaidi, kwa sababu tegu mpya hukomaa kwa majuma sita. Siku mbili baada ya kupewa dawa afungwe, na mavi yake yachomwe, maana dawa huua tegu lakini haiui mayai.

La sita, mbwa asiyetakiwa asizaliwe. Mbwa mmoja aliyetunzwa hulinda shamba kuliko mbwa watano wenye njaa, ambao hutangatanga usiku kutafuta mizoga na kurudi na minyoo mipya.

Pengine msomaji atauliza kama dawa za minyoo wapewazo watoto shuleni hazitoshi. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwapa watoto wa shule dawa hizo mwaka 2009, nao ukapanuliwa mwaka 2012. Nchi ya pwani pamoja na Tana River zimo. Mpango huo umewafaa watoto wengi, na mzazi asimzuie mwanawe siku ya dawa. Lakini kusudi lake ni minyoo ya binadamu. Kidonge cha mara moja kwa mwaka hakimkingi mtoto na udongo wa uani kwake miezi iliyobaki, wala hakimtibu mbwa alalaye mlangoni.

UMOJA WA MGANGA WA WATU NA MGANGA WA WANYAMA

Tangu mwaka 2013 kazi za zahanati na kazi za mifugo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti, ambayo makao yake ni Hola. Jambo hilo laweza kuwa la faida. Kenya imejiwekea shabaha ya kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kwa ajili hiyo mbwa huitwa pamoja kuchanjwa. Mbwa akisha kushikwa na kuletwa, kazi ngumu imekwisha. Kumpa na kidonge cha minyoo papo hapo ni kazi ya dakika moja. Wazee wa kijiji wakiomba mambo hayo mawili yafanywe kwa siku moja, huwa wameomba jambo dogo lenye matunda makubwa.

Karani wa Garsen, mwalimu wa Ngao na mkulima aliyesoma wana sehemu yao pia. Jirani asiyejua kusoma hatauona mnyoo kwa darubini, lakini ataelewa akionyeshwa lengelenge katika ini la mbuzi aliyemchinja yeye mwenyewe, na kuambiwa kwamba kitu kama hicho chaweza kukua katika ini la mtoto wake. Mama ambaye mwanawe ana jicho lililoanza kupinda, au linaloonyesha weupe katikati ya mboni, na ahimizwe kwenda hospitali ya Ngao au ya Hola siku hiyo hiyo, bila kungoja mwezi mwandamo wala siku ya soko. Mwenye mstari uwashao mguuni apelekwe zahanati kabla kidonda hakijaoza.

Mbwa wa Mto Tana amefanya kazi yake kwa uaminifu miaka mingi, naye hawezi kuzoa mavi yake wala kununua dawa yake. Kazi hiyo ni ya yule ambaye mahindi yake hulindwa. Chombo chake cha kuanzia ni jembe lile lile lililoegemezwa nyuma ya mlango.